Unaagiza bango la kuchapishwa? Lipa kwa hatua, si kwa mkupuo

Mzee mmoja kutoka Nakuru, fundi wa redio na televisheni, aliingia katika kituo chetu cha huduma kwa wateja akiwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Akakiweka mezani, akakifungua. Lilikuwa bango la plastiki lenye picha ya vyombo vya angani, jipya kabisa, rangi zake zinang'aa.

"Mwanangu," akamwambia mhudumu wetu, "hiki kitu nimekilipia 6,500 na hakinifai. Nirudishieni pesa yangu."

Mhudumu akaangalia bango, kisha akaangalia simu ya mzee. Pesa ilikuwa imeenda kwa nambari ambayo mzee aliiandika mwenyewe. Jina la mpokeaji lilitokea, akathibitisha kwa PIN yake. Hakukosea hata tarakimu moja.

"Mzee wetu, pole sana," akasema. "Lakini hii hatuwezi kuirudisha."

Hilo ni jibu ambalo hatupendi kulitoa. Tunalitoa kwa watu walioagiza sare za shule, kadi za harusi, milango ya chuma, makochi na keki. Vitu hivi vyote vinafanana kwa jambo moja: vinatengenezwa kwa ajili yako peke yako. Vikitoka vibaya, hakuna mteja mwingine wa kuvinunua, na fundi hana pa kuvipeleka. Kwa hiyo kinga yako iko kabla ya kubonyeza PIN, si baada.

Mzee ameturuhusu kusimulia kisa chake mradi tusimtaje jina. Tutakitumia kukuonyesha jinsi ya kulipia kazi ya kuagiza, hatua kwa hatua.

Mambo yalivyokwenda

Mzee alinunua mashine kuukuu ya gemu kwenye mnada wa vyombo vya klabu iliyofungwa. Ni ile mashine ya kusimama, kubwa kama kabati, ambayo mtu anatumbukiza sarafu ndipo acheze. Gemu yake ni Galaga, iliyotolewa mwaka 1981 na kampuni ya Namco ya Japani, na kuuzwa Marekani na kampuni ya Midway. Kibandiko cha nyuma kilisema volti 120, kwa hivyo mzee alijua mara moja kwamba imetengenezewa umeme wa huko, si huu wetu wa volti 240. Akaiwekea transfoma ya kushusha umeme, akabadilisha kapasita zilizovimba, na skrini ikawaka. Wajukuu wakashangilia.

Kikabaki kitu kimoja. Juu kabisa ya mashine, pale panapokaa jina la gemu na taa nyuma yake, bango lilikuwa limepasuka vipande vitatu. Wapenzi wa mashine hizi huliita marquee. Sisi tutaliita bango la juu.

Mzee akampata mtandaoni kijana anayechora kwa kompyuta. Wakaongea kwa simu. Kijana akauliza upana, mzee akapima uwazi haraka haraka, akajibu, "Kama sentimita 58 hivi." Bei ilikuwa Ksh 6,500, zote kwanza, kwa nambari ya simu ya kibinafsi. Mzee akalipa. Ilikuwa pesa ya redio nyingi alizotengeneza.

Wiki moja baadaye bango likafika kwa gari la mizigo. Lilikuwa na upana wa sentimita 56.5, kwa sababu kijana alipunguza kidogo "ili liingie vizuri". Likaacha pengo kila upande na mwanga ukawa unachungulia. Taa ilipowashwa, mambo yakazidi kuharibika: rangi zilipauka, weusi ukawa kama majivu, na tyubu ikaonekana nyuma yake kama mstari mweupe.

Mzee akapiga simu. Kijana akajibu, "Si nilifanya ulivyosema?" Kisha akaacha kushika simu.

Tuseme ukweli hapa. Kijana alikosea kunyamaza, lakini neno lake lina uzito. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba bango lingekaa mbele ya taa. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Kulikuwa na mazungumzo ya simu na ujumbe mmoja wa malipo, basi.

Kwa nini bango hili lina ujanja wake

Ukijua kazi inavyofanywa, unajua cha kumuuliza fundi. Na ukijua cha kumuuliza, unajua ulipe nini, lini.

Bango la kawaida la dukani linaangaziwa kutoka mbele. Mwanga unapita kwenye wino, unagonga karatasi nyeupe, unarudi ukipita tena kwenye wino hadi machoni mwako. Umepita kwenye rangi mara mbili. Bango la juu la mashine ya gemu lina taa nyuma. Mwanga unapita kwenye wino mara moja tu. Ndiyo maana chapisho lilelile linalopendeza mezani linapauka likiwekwa mbele ya taa. Dawa yake ni kuweka wino mzito zaidi: wachapishaji wanaofanya mabango ya taa huchapisha tabaka mbili za rangi, au hutumia filamu maalum ya kupitisha mwanga.

Mabango ya zamani yenyewe yalichapishwa kwa skrini ya hariri, mara nyingi kwa upande wa nyuma wa plastiki, rangi moja baada ya nyingine. Nyuma ya rangi ikawekwa tabaka jeupe la kusambaza mwanga, na pale palipohitaji giza pakawekwa weusi mzito usiopitisha kitu. Bila hilo tabaka jeupe, unaona umbo la tyubu. Bila weusi mzito, nyeusi inakuwa majivu. Hayo mawili ndiyo yaliyompata mzee.

Jambo la tatu ni picha yenyewe. Kijana aliichukua mtandaoni, yenye pikseli kama 1,000 kwa upana. Sentimita 58 ni karibu inchi 23. Gawanya, utapata pikseli 44 hivi kwa kila inchi. Kwa kazi safi, wachapishaji hutaka 300 kwa inchi, yaani karibu pikseli 6,850 kwa upana huo. Ukipata 150 kwa inchi, bado bango linaweza kupendeza kwa mtu aliyesimama mbele ya mashine. Arubaini na nne, hapana. Kingo za herufi zitaonekana kama ngazi.

Makosa haya yote yana tabia moja mbaya: huyaoni kwenye skrini ya simu. Ukitumiwa picha ya bango kwa WhatsApp, linapendeza. Unayaona siku ya kuwasha taa, na siku hiyo pesa imeshaenda.

Kwa nini hatukuweza kurudisha pesa

Huduma ya kurudisha malipo ipo kwa ajili ya makosa ya kutuma. Umeandika tarakimu moja vibaya, pesa ikaenda kwa mtu usiyemjua: tuambie mara moja, kabla hajaitoa, na tutashughulikia. Lakini pesa ikifika kwa mtu uliyekusudia kumlipa, kwa kazi mliyokubaliana, ubishi wa ubora wa kazi ni kati yako na yeye. Sisi hatujui kama bango lilitakiwa liwe 58 au 56.5. Tukianza kuchomoa pesa kwa neno la upande mmoja, hata wewe mwenye duka hutalala salama.

Hiyo haina maana kwamba huna pa kwenda. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Ksh 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Lakini huko utaulizwa: mlikubaliana nini? Mwenye maandishi ndiye mwenye nguvu. Ujumbe wa malipo unathibitisha kwamba ulilipa. Hauthibitishi ulilipia nini.

Kwa hiyo mhudumu wetu alimwandalia mzee chai, wakakaa chini, wakapanga jinsi ya kuagiza upya. Hizi hapa hatua walizopanga.

Hatua ya 1: Pima mwenyewe, andika kila kipimo

Zima mashine na uchomoe plagi kabla ya kugusa chochote. Bango la juu hutolewa kutoka mbele au juu kwa kulegeza vishikio vyake vya chuma, kwa hivyo huna haja ya kufika kwenye skrini. Skrini za zamani za kioo huweka umeme ndani hata baada ya kuzimwa. Waachie wanaojua.

Kama bango la zamani lipo, hata likiwa vipande, pima hilo. Vipande vipangwe mezani kama vilivyokuwa. Kama halipo, pima uwazi. Kimo kipime mara tatu: kushoto, katikati na kulia. Mbao za zamani hupinda, na vipimo vitatu vikitofautiana, chukua kilicho kidogo zaidi.

Kisha andika vipimo viwili tofauti: ukubwa wote wa bango, na sehemu inayoonekana baada ya vishikio kufunika kingo. Usipotenganisha hivyo, fundi anaweza kuweka herufi pale chuma kitakapofunika. Pima pia unene. Akriliki ya milimita 3, ile ambayo mafundi wengi huiita Perspex, ni ya kawaida, lakini hakikisha inaingia kwenye kishikio chako. Acha nafasi ya milimita moja hivi kila upande, kwa sababu akriliki hutanuka ikipata joto.

Piga picha futi ya kupimia ikiwa juu ya bango, tarakimu zionekane. Picha hiyo ndiyo shahidi wako.

Malipo katika hatua hii: sufuri.

Hatua ya 2: Pata mchoro mzuri, na ujue ni wa nani

Usitupe vipande vya bango la zamani. Vinaweza kupitishwa kwenye skana sehemu kwa sehemu, kisha mchoraji akaviunganisha kwenye kompyuta na kuchora upya palipofifia. Bora zaidi ni mchoro wa vekta, ule unaochorwa kwa mistari na si kwa pikseli, kwa sababu ukiukuza haupotezi makali. Mwambie mchoraji aongeze milimita 3 za rangi kila upande nje ya mstari wa kukata, ili kisu kikihama kidogo usibaki na ukingo mweupe.

Sasa, kuhusu haki. Gemu ni ya miaka mingi, lakini michoro na majina yake yana mwenyewe hadi leo. Kampuni ya Namco iliungana na Bandai, na Galaga bado ni mali yao. Kenya nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Fundi akikuuliza kama una ruhusa, usimkasirikie, anajilinda. Tafuta ruhusa ya mwenye haki, au ulizia muuzaji aliye na leseni. Na usije ukafikiri kwamba kurekebisha mashine yako moja ni kibali cha kuchapisha kumi za kuuza. Kama ruhusa haipatikani, unaweza kuchora bango lako mwenyewe lenye jina la familia au la duka. Taa itawaka vilevile.

Hatua ya 3: Omba bei kwa maandishi

WhatsApp inatosha. Barua pepe inatosha. Mazungumzo ya simu hayatoshi. Mkimaliza kuongea, tuma ujumbe wa kurudia mliyokubaliana, na umwombe fundi ajibu "sawa". Ujumbe wa mzee, mara ya pili, ulikuwa hivi:

"Fundi, habari. Kama tulivyoongea: bango moja la mashine ya gemu, ukubwa kamili upana sm 58.0, kimo sm 22.0, akriliki ya mm 3. Litakaa mbele ya taa, kwa hivyo chapisho ni la kupitisha mwanga, rangi tabaka mbili, nyuma liwe na tabaka jeupe. Kwanza sampuli nione kwenye taa. Bei yote 8,000: 2,000 arbuni, 3,000 nikikubali sampuli, 3,000 nikilipokea na kulipima. Likizidi au kupungua zaidi ya mm 2, unarudia bila malipo. Tuko sawa?"

Fundi akajibu, "Tuko sawa mzee."

Maneno hayo mawili, "tuko sawa", yana thamani kuliko kitu chochote kilichokuwapo mara ya kwanza. Angalia pia kwamba mzee alisema wazi bango litakaa mbele ya taa. Usidhani fundi atajua. Kwake yeye bango ni bango hadi umwambie.

Hatua ya 4: Lipa arbuni, na uilipe panapofaa

Arbuni si dharau kwa fundi wala si zawadi. Ni pesa ya kuanzia kazi: muda wa kuchora na gharama ya vifaa. Fundi naye ameshaumizwa na wateja walioagiza kisha wakapotea. Ni haki aombe kitu. Lakini si haki abebe yote kabla hujaona chochote.

Mahali pa kulipia:

- Omba nambari ya biashara kwanza, iwe Till au Paybill. Inaacha rekodi yenye jina la biashara, na inakusaidia kukiwa na mzozo.
- Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Lilingane na jina lililo kwenye bei uliyoandikiwa. Likiwa tofauti, ghairi, kisha uulize. Maelezo ya "hiyo ni ya ndugu yangu" yaje kwa maandishi.
- Kwa Paybill, nambari ya akaunti andika kitu utakachokitambua, kama fundi amekuruhusu kuchagua: BANGO1, BANGO2, BANGO3.
- Mafundi wengi wadogo hutumia nambari ya kibinafsi na ni waaminifu kabisa. Ukilazimika kulipa huko, basi jina lake kamili liwe kwenye makubaliano, na arbuni iwe ndogo.

Usifute ujumbe wa kuthibitisha malipo. Utume kwa fundi palepale kwenye mazungumzo yenu, uandike: "Hii ni arbuni ya bango, imebaki 6,000." Sasa malipo na makubaliano vinakaa mahali pamoja.

Hatua ya 5: Sampuli ionwe mbele ya taa

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Usikubali kazi kwa kuangalia picha kwenye simu. Omba kipande kidogo, upana wa sentimita 10 hivi, chenye rangi zote kuu na weusi, kichapishwe kwa filamu, wino na mashine ileile itakayotumika kwa kazi yenyewe.

Kishike mbele ya taa. Kama mashine yako iko mbali, tyubu ya dukani inafaa. Angalia mambo manne:

- Je, nyekundu inabaki nyekundu, au imekuwa waridi?
- Je, nyeusi ni nyeusi, au unaona mwanga ukipenya?
- Je, umbo la tyubu linaonekana, au mwanga umetandaa sawasawa?
- Je, kingo za herufi ni kali?

Sampuli ya kwanza ya mzee ilikuwa na nyekundu nzuri lakini weusi hafifu. Fundi hakubishana. Aliongeza tabaka moja la nyeusi, akachapa kipande kingine. Gharama ya kosa hilo ilikuwa kipande cha filamu. Kama lingegunduliwa nyumbani Nakuru, gharama ingekuwa bango zima na urafiki.

Ukiridhika, andika: "Sampuli ya pili nimeikubali. Endelea." Kisha lipa sehemu ya pili. Fahamu kwamba neno lako hapa linakubana na wewe. Ukishakubali rangi, huwezi kurudi siku ya mwisho kusema hukuzipenda.

Hatua ya 6: Pokea, pima, washa, ndipo umalize

Sehemu ya mwisho ya pesa ndiyo inayomfanya fundi ashike simu. Usiitoe kwa sababu ya haya.

Pima bango mbele ya fundi au mbele ya mtu uliyemtuma. Kama linatumwa kwa gari, kubalianeni mapema: fundi apige picha ya bango likiwa na futi juu yake na taa nyuma yake, kabla ya kulifunga. Likifika, lifungue siku hiyohiyo. Akriliki hupasuka njiani ikifungwa vibaya, na ukikaa nalo wiki moja, hakuna atakayejua lilivunjikia wapi.

Kabla ya kuliweka, angalia taa. Tyubu za zamani na choki zake hutoa joto, na vibandiko vilivyokauka huanza kubanduka. Watu wengi siku hizi huweka taa ya LED, isiyo na joto jingi. Mzee alifanya hivyo, lakini kumbuka yeye ni fundi wa umeme. Kama wewe si fundi, muite mmoja, na umwonyeshe kibandiko cha volti kabla hajagusa waya.

Likikaa sawa, malizia deni. Usimzungushe fundi siku tatu. Aliyekufanyia vizuri alipwe palepale. Na kama ni gharama ya biashara yako, omba risiti ya eTIMS, utaihitaji wakati wa kodi.

Hesabu za mzee

Mara ya kwanza: Ksh 6,500, zote mwanzo, na bango lisilofaa.

Mara ya pili: 2,000, kisha 3,000, kisha 3,000. Jumla 8,000. Bei ilikuwa juu zaidi kwa sababu ya tabaka mbili za wino na sampuli. Lakini angalia alichohatarisha kwa kila hatua. Kama fundi angepotea mwanzoni, mzee angepoteza 2,000. Kama bango zima lingetoka vibaya, angekuwa bado ameshika 3,000 na makubaliano yaliyoandikwa. Hakuna wakati hata mmoja ambapo pesa yote ilikuwa upande mmoja na kazi yote upande mwingine.

Sisi hupendekeza sehemu tatu kwa kazi ndogo kama hii. Kwa kazi kubwa, kama milango ya nyumba nzima, gawanya zaidi. Kila malipo yafuate kitu unachoweza kukiona kwa macho au kukipima kwa futi.

Ukiwa wewe ndiye fundi

Utaratibu huu unakulinda pia. Mteja aliyekubali sampuli kwa maandishi hawezi kukuambia baadaye kwamba alitaka rangi nyingine. Andika nambari yako ya Till kwenye kila bei unayotoa. Kabla ya kukabidhi kazi, angalia salio lako mwenyewe kwenye simu yako. Usitegemee ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, wala ujumbe uliotoka kwa nambari ya kawaida ukijifanya ni wa kwetu. Na ukikosea, rudia kazi. Mteja mmoja aliyerudiwa kazi yake bila kelele hukuletea wengine.

Maswali tunayoulizwa

Fundi amekataa arbuni, anataka zote. Nifanye nini?
Muulize sababu. Kama ni bei ya vifaa, jitolee kulipia vifaa tu. Akikataa kabisa, tafuta mwingine. Katika miji yetu mikubwa wachapishaji hawakosekani.

Nimepigiwa simu, nimeambiwa malipo yangu yamekwama, nitume tena.
Usitume. Angalia ujumbe wako na salio lako kwanza. Pesa ikishatoka, imetoka, na ukituma mara ya pili utakuwa umelipa mara mbili. PIN yako usimwambie mtu, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuulizi PIN.

Naweza kuagiza bango kutoka ng'ambo?
Unaweza, na huko wako wanaofanya kazi hii tu. Lakini ongeza usafiri, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha kabla ya kulinganisha bei. Vipimo bado ni jukumu lako, na kurudisha bango lililokosewa huko mbali ni safari nyingine.

Nikilipa taslimu?
Ni sawa, lakini andikiwa risiti kila mara. Noti haina kumbukumbu.

Kabla hujabonyeza PIN

Jiulize maswali haya matano. Kipimo kimeandikwa? Fundi anajua kitu kitatumika wapi? Bei na hatua za malipo ziko kwenye maandishi? Jina lililotokea ndilo? Nikilipa hizi leo, nimebaki na kiasi gani mkononi?

Swali moja likikosa jibu, weka simu mfukoni kwanza. Kazi haitakimbia.

Bango la pili la mzee sasa liko mahali pake. Lile la kwanza hakulitupa. Amelitundika ukutani kwenye karakana yake, mbali na taa yoyote, na anasema pale linapendeza sana. Wateja wakiuliza ni la nini, huwaambia ni karo aliyolipa ya kujifunza kuagiza kitu. Wewe umelisoma somo hilo bure. Kama una kazi unayotaka kuagiza na huna uhakika jinsi ya kugawa malipo, pitia kituo chetu chochote kabla ya kulipa. Tunaweza kukusaidia zaidi asubuhi ya kuagiza kuliko jioni ya kulalamika.